Mwongozo kamili wa kuandika alama za fedha kwenye kompyuta na simu: €, £, ₦, ₹ na shilingi yetu

Kibodi nyingi zinazouzwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala zina alama moja tu ya fedha, nayo ni ile ya dola juu ya tarakimu 4. Anayeandaa ankara ya mteja wa Ujerumani, au orodha ya bei za safari kwa watalii wa Uingereza, huishia kutafuta alama mtandaoni, kuinakili na kuibandika. Njia hiyo yafaa kwa dharura. Kwa mtu anayeandika bei kila siku haifai, kwa sababu alama huja pamoja na fonti, ukubwa na rangi ya ilikotoka, na ukurasa wote unaonekana umeshonwa viraka.

Mwongozo huu unapitia Windows, Mac, Linux, Android na iPhone, kisha unaingia kwenye mahali ambapo alama huleta hasara ya kweli: Excel, meseji za jumla na mafaili yanayohama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Majina ya menyu tumeyaacha kwa Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye skrini, kwa kuwa mashine nyingi za ofisini zimewekwa lugha hiyo.

## Tuanze na shilingi

Shilingi haina alama yake ya pekee. Haimo kwenye Unicode, ule utaratibu wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake, kwa hiyo usipoteze muda kuitafuta. Inaandikwa kwa herufi za kawaida. Swali ni herufi zipi, na wapi.

Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1921 ilikuwa moja, na "Sh" peke yake ilitosha. Tangu mwaka 1966 kila nchi ina shilingi yake, na thamani zake zimeachana sana. Ndani ya nchi moja, "Sh" bado inaeleweka. Karatasi ikivuka mpaka, andika TSh, KSh au USh. Meseji za M-Pesa za Kenya huandika Ksh, yenye "s" ndogo, na hilo si kosa. Chagua umbo moja, ulitumie kuanzia mwanzo hadi mwisho wa hati.

Umbo la 5,000/= linatokana na uandishi wa enzi za Waingereza, ambapo mkwaju (/) ulitenga shilingi na sehemu zake. 5/50 ni shilingi tano na senti hamsini, na kistari baada ya mkwaju kilimaanisha hakuna senti. Kwa maandishi ya mkono umbo hili lina faida kubwa, maana humzuia mtu kuongeza tarakimu nyuma ya kiasi. Kwenye tangazo au bango halina tatizo. Usiliandike tu pamoja na kifupi, kama "TSh 5,000/=", kwa sababu unakuwa umeitaja shilingi mara mbili. Na usiliingize kamwe kwenye seli ya Excel; tutaona kwa nini.

Kwenye mkataba, ankara ya nje ya nchi au fomu ya benki ya kutuma fedha, tumia misimbo ya herufi tatu ya ISO 4217, kiwango cha kimataifa cha kutaja fedha: TZS, KES, UGX, RWF kwa faranga ya Rwanda, BIF kwa ya Burundi, CDF kwa ya Kongo, USD, EUR, GBP. Sababu yake ni ya msingi. Alama ya $ inatumika Marekani, Kanada, Australia, Namibia na kwingineko. Alama ya ¥ ni ya yeni ya Japani na pia yuani ya Uchina, na tofauti ya thamani kati ya hizo mbili ni kubwa mno kuachia msomaji akisie. Anayeagiza mzigo Guangzhou aandike CNY.

Jambo dogo linaloharibu sura ya hati: "TSh" ikibaki mwisho wa mstari na kiasi kikaangukia mstari wa chini. Katika Word, na pia LibreOffice, weka kati yao nafasi isiyokatika kwa Ctrl+Shift+Space badala ya nafasi ya kawaida. Kwenye Mac ni Option+Space.

## Windows: anza na mpangilio wa kibodi

Kilichochapwa juu ya kitufe hakiamui kitakachotokea kwenye skrini. Kinachoamua ni mpangilio wa kibodi uliowekwa ndani ya Windows. Laptopu za mtumba zilizotoka Uingereza zina £ juu ya tarakimu 3, lakini fundi akishaweka Windows upya kwa mpangilio wa Marekani, Shift+3 inatoa #. Dalili nyingine ya hali hiyo ni @ na alama ya kunukuu kubadilishana mahali. Kibodi haijaharibika. Rudisha mpangilio wa Uingereza tu, kisha utapata £ kwa Shift+3, $ kwa Shift+4 na € kwa AltGr+4. AltGr ni kitufe cha Alt cha kulia. Kama huna, bonyeza Ctrl na Alt kwa pamoja.

Kwa kibodi ya Marekani, ambayo ndiyo wengi wanayo, mpangilio unaoongeza alama za fedha ni United States-International. Kuuweka kwenye Windows 11:

1. Fungua Settings, kisha Time & language, kisha Language & region.
2. Kwenye mstari wa English (United States), bofya nukta tatu, chagua Language options.
3. Chini ya Keyboards bofya Add a keyboard, chagua United States-International.
4. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Space kuhama kati ya mipangilio. Jina la mpangilio linaloonekana kwenye upau wa chini lihakikishe liko sahihi.

Kwenye Windows 10 njia ni ile ile, ila ukurasa unaitwa Language na kitufe kinaitwa Options.

Sasa AltGr+5 inatoa €, AltGr+Shift+4 inatoa £, AltGr pamoja na kistari inatoa ¥, na AltGr+Shift+C inatoa ¢. Kiganja hakiondoki kwenye kibodi, na alama zinatoka katika programu yoyote.

Kuna gharama moja, na kwa anayeandika Kiswahili ni lazima aijue kabla. Katika mpangilio huu kitufe cha ' kinasubiri herufi inayofuata ili kuiwekea mkazo. Ukiandika ng'ombe kwa kasi unapata ngómbe; ng'ambo inakuwa ngámbo. Dawa yake ni kubonyeza Space mara moja baada ya ', ndipo uendelee na herufi. Nafasi yenyewe haitaonekana. Ukiona inakuchosha, acha mipangilio yote miwili na uhamie International pale tu unapoandika bei.

## Windows: namba za Alt

Hii ndiyo njia inayojulikana zaidi na inayofeli zaidi. Shikilia Alt ya kushoto, andika namba kwenye vitufe vya tarakimu vilivyo upande wa kulia wa kibodi, kisha achia Alt. Alama hutokea unapoachia.

€ ni Alt+0128
£ ni Alt+0163
¥ ni Alt+0165
¢ ni Alt+0162

Sifuri ya mwanzo si pambo. Ukiiacha, Windows inasoma jedwali la herufi la zamani la enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows: Alt+128 inatoa Ç, Alt+163 inatoa ú, na Alt+165 inatoa Ñ. Baadhi ya orodha mtandaoni zinakwambia Alt+156 ni £, na ni kweli, lakini namba zisizo na sifuri hutegemea jedwali ambalo kompyuta imewekewa. Alt+157 kwenye mashine ya mpangilio wa Marekani hutoa ¥, na kwenye mashine nyingi zilizowekwa kwa Ulaya Magharibi hutoa Ø. Zenye sifuri ni salama zaidi.

Isipofanya kazi kabisa, angalia mambo mawili. Num Lock iwe imewaka. Na tarakimu ziwe za upande wa kulia, kwa sababu zile za safu ya juu hazihesabiki. Laptopu ndogo isiyo na upande huo haitaweza njia hii kwa urahisi, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye njia zinazofuata.

Naira na rupia ya India haziwezekani kwa namba hizi katika programu nyingi. Utasoma mahali kwamba ₦ ni Alt+8358 na € ni Alt+8364. Ndani ya Word zinakubali. Nje ya Word, programu nyingi huchukua tu baki baada ya kugawanya kwa 256, ndiyo maana Alt+8364 kwenye Notepad ya Windows 10 huishia kuwa ¼: baki yake ni 172, na hiyo ndiyo namba ya ¼ kwenye jedwali la zamani.

## Windows: Alt+X na paneli ya alama

Ndani ya Word, andika namba ya Unicode kisha bonyeza Alt+X. Namba inageuka alama papo hapo. Hizi ndizo zinazohitajika sana huku kwetu:

20AC kwa €
00A3 kwa £
00A5 kwa ¥
20A6 kwa ₦, naira ya Nigeria
20B5 kwa ₵, sedi ya Ghana
20B9 kwa ₹, rupia ya India

Mtego uko hapa: namba hizi zimeandikwa kwa tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F. Ikiwa mbele yake tayari kuna tarakimu au mojawapo ya herufi hizo, Word inaziunganisha. Ukitaka 50€ na ukaandika 5020AC, Alt+X itaisoma yote kama namba moja. Andika 50U+20AC kisha Alt+X, na Word itajua namba inaanzia wapi. Alt+X hufanya kazi kinyume pia. Weka kishale cha kuandikia mara baada ya alama usiyoijua, bonyeza Alt+X, na Word itakuonyesha namba yake. Ni njia nzuri ya kuhakiki kama mtu amekutumia € halisi au herufi inayofanana nayo. Kwa yuro peke yake, Word ina njia fupi zaidi: Ctrl+Alt+E.

Mahali popote pengine, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na nukta. Paneli ya emoji inafunguka. Nenda kwenye sehemu ya Symbols, kisha kundi la Currency symbols, ubofye unayotaka. Alama ulizotumia karibuni huja mwanzo, kwa hiyo mara ya pili ni haraka. Hata laptopu isiyo na tarakimu za kulia inaipata, na kwa mtu anayehitaji ₦ mara moja kwa wiki hatuoni haja ya kujifunza njia nyingine.

Anayeiandika alama ile ile kutwa nzima katika Word amtume AutoCorrect: File, Options, Proofing, AutoCorrect Options. Kwenye Replace weka kifupi ambacho si neno lolote, mfano ;nr, na kwenye With weka ₦. Usitumie "euro" kama kifupi, la sivyo hutaweza tena kuliandika neno hilo.

## Mac na Linux

Mac ndiyo iliyorahisisha zaidi. Kwa mpangilio wa Marekani: Option+Shift+2 ni €, Option+3 ni £, Option+4 ni ¢ na Option+Y ni ¥. Kwa mpangilio wa Uingereza £ ni Shift+3, € ni Option+2, na Option+3 inatoa #. Zilizobaki zimo kwenye Character Viewer, inayofunguka kwa Control+Command+Space. Tafuta kundi la Currency Symbols. Anayehitaji ₦ au ₹ mara kwa mara aongeze mpangilio wa Unicode Hex Input kupitia System Settings, Keyboard, kisha Edit iliyo karibu na Input Sources, kwenye orodha ya Others. Baada ya hapo anashikilia Option na kuandika 20A6.

Kwenye Ubuntu na jamii yake, bonyeza Ctrl+Shift+U, achia, andika 20a6, kisha Enter. Njia hiyo hiyo inafanya kazi kwenye Chromebook.

## Simu

Kwenye Gboard, kibodi ya Google iliyomo katika simu nyingi za Android, bonyeza ?123. Shikilia $ bila kuachia, na kisanduku kitatokea chenye €, £, ¥, ¢ na nyinginezo. Telezesha kidole hadi unayoitaka ndipo uachie. Ukiachia mapema utapata $. Zile kuu ziko pia kwenye ukurasa wa pili, unaofunguliwa na kitufe cha =\<. Kibodi ya Samsung ina kitufe cha !#1, na ukurasa wa pili unafikiwa kwa kitufe cha 1/2.

Kwenye iPhone bonyeza 123 kisha shikilia $, au bonyeza #+= uone €, £ na ¥ zimepangwa safu moja.

Alama inayoonekana kwanza inafuata lugha ya kibodi. Ukiongeza English (UK), £ inachukua nafasi ya $. Usiogope kuwa $ imepotea, shikilia £ utaikuta.

Kwa alama ambayo kibodi haina, ₦ au ₵ kwa mfano, inakili mara moja tu kutoka popote, kisha iwekee kifupi. Kwenye Gboard: alama ya gia, Dictionary, Personal dictionary, chagua lugha, bonyeza +, weka alama juu na kifupi chini. Ukiandika kifupi, alama inajitokeza kwenye mapendekezo juu ya kibodi, uigonge. Kwenye iPhone: Settings, General, Keyboard, Text Replacement, kisha +. iPhone yenyewe inabadilisha mara unapobonyeza Space. Weka huko huko na "TSh" kamili ili kibodi isikupe mara Tsh, mara TSH.

## Meseji za jumla: alama moja inaweza kuongeza bili mara tatu

Shule, SACCOS, makanisa, misikiti na maduka yanayotuma meseji kwa mkupuo wasome hapa kwa makini.

Meseji ya kawaida hubeba herufi 160 iwapo zote zimo katika orodha fupi ya herufi za GSM, mfumo wa simu za mkononi. Orodha hiyo ina $, £ na ¥. Ina € pia, lakini inahesabiwa kama herufi mbili. Haina ₦, ₹, ₵ wala ¢. Ukiweka hata moja kati ya hizo, meseji nzima inahamia utaratibu mwingine wenye herufi 70 tu. Ikizidi hapo inakatwa vipande vya herufi 67 kila kimoja. Kwa orodha ya kawaida, vipande ni vya herufi 153.

Chukua meseji ya ada yenye herufi 150. Kwa "TSh" au "Sh" ni meseji moja. Ikiwa na alama moja iliyo nje ya orodha ni meseji tatu. Kwa wazazi 400, unalipia meseji 1,200 badala ya 400.

Mkosaji mkubwa zaidi hata si alama ya fedha. Ni kile kistari cha juu kilichopinda, ’, ambacho Word hukiweka badala ya ' bila kukuuliza. Meseji yenye "ng’o" iliyonakiliwa kutoka Word inatosha kuleta hasara hiyo. Zima tabia hiyo kwenye AutoCorrect Options, ukurasa wa AutoFormat As You Type, kwa kuondoa tiki kwenye mstari wa "Straight quotes" with "smart quotes". Kwenye iPhone ni Settings, General, Keyboard, Smart Punctuation. Kisha andika meseji moja kwa moja kwenye mfumo wa kutuma meseji, na uangalie kihesabu cha herufi. Kikiruka ghafla kutoka 160 kwenda 70, futa herufi moja moja kutoka mwisho hadi kirudi. Uliyofuta mwisho ndiyo yenye tatizo.

## Excel: alama ionekane, isiandikwe

Kosa linalorudiwa sana ni kuandika "TSh 5000" au "5000/=" ndani ya seli. Excel inaiona kama maneno, inaisogeza kushoto, na SUM inaipita bila kuihesabu. Jumla inakuwa 0, au inakuwa pungufu, na hiyo pungufu ni mbaya zaidi maana hakuna anayeishtukia.

Andika namba tupu: 5000. Kisha uipe vazi lake:

1. Chagua seli, bonyeza Ctrl+1.
2. Fungua Number, kisha Custom chini kabisa ya orodha.
3. Kwenye kisanduku cha Type andika "TSh" #,##0 pamoja na alama hizo za kunukuu, zilizonyooka.
4. Bonyeza OK.

Alama za kunukuu ni za lazima. Katika Excel s ni sekunde na h ni saa, hivyo TSh isiyofungwa inachanganywa na muda. Anayependa umbo la zamani aandike #,##0"/=" na atapata 5,000/= inayojumlishika. Kwa hasara zionekane nyekundu: "TSh" #,##0;[Red]-"TSh" #,##0.

Desimali ziangalie kwa fedha husika. Shilingi ya Uganda, faranga ya Rwanda na ya Burundi haziandikwi na desimali katika ISO 4217. Riali ya Oman ina desimali tatu, kwa sababu riali moja ni baisa 1,000, hivyo muundo wake ni "OMR" #,##0.000. Ukiacha mbili, baisa zinafichika kwenye orodha na jumla inayoonekana haiwiani na safu zilizo juu yake.

Ukirithi faili lililojaa "TSh" ndani ya seli, bonyeza Ctrl+H, kwenye Find what andika TSh na nafasi moja, Replace with iache tupu, kisha Replace All. Rudia kwa /=. Namba zitahamia kulia zenyewe, ishara kwamba sasa ni namba kweli. Zilizobaki kushoto mara nyingi zina nafasi isiyokatika. Inakili nafasi hiyo kutoka kwenye seli yenyewe na uibandike kwenye Find what. Kompyuta iliyowekwa Kifaransa, kama nyingi za Kongo na Burundi, inasoma mkato kuwa desimali: 5,000 inageuka 5. Hapo ondoa mikato kabla ya jambo lolote lingine.

Sasa onyo zito. Kitufe cha $ kwenye upau wa Excel hufuata nchi iliyowekwa kwenye Windows. Ankara ya TSh 450,000 iliyotengenezwa hivyo, ikifunguliwa kwenye kompyuta iliyowekwa Marekani, inaonekana $450,000. Hakuna aliyebadilisha faili. Muundo wa Custom uliofunga "TSh" haubadiliki, nao ndio wa kutumia kwa kila hati itakayotoka ofisini.

Kwenye Google Sheets nenda Format, Number, Custom currency, andika TSh juu, chagua umbo, Apply.

## Alama inapoharibika njiani

Kila uharibifu una sura yake, na sura hiyo inakwambia kosa liko wapi.

Ukiona â‚¬ badala ya €, Â£ badala ya £, au â‚¦ badala ya ₦, faili liko salama ila limesomwa kwa jedwali lisilo lake: limehifadhiwa kwa UTF-8 na kufunguliwa kama Windows-1252. Hutokea sana kwa mafaili ya CSV, yaani majedwali yaliyohifadhiwa kama maandishi matupu. Usirekebishe kwa mkono. Fungua Excel tupu, nenda Data, From Text/CSV, chagua faili, na kwenye File Origin weka 65001: Unicode (UTF-8). Unapotoa CSV yako, chagua CSV UTF-8 kwenye Save As. Kwa ukurasa wa wavuti dawa ni <meta charset="utf-8"> mwanzoni mwa head, au kuandika &euro;, &pound; na &#8358; katika msimbo.

Ukiona alama ya kuuliza, ?, mahali pa alama ya fedha, habari ni mbaya: mfumo uliopita haukuijua na umeitupa. Hairudi. Tafuta faili la awali.

Ukiona kisanduku kitupu, alama ipo ila fonti haina mchoro wake. Badilisha fonti, mfano Noto Sans au DejaVu Sans. Kabla ya kutuma kwa mtu mwingine, hifadhi kama PDF, au katika Word nenda File, Options, Save, uweke tiki kwenye Embed fonts in the file.

Printa za risiti za dukani zina ubishi wao. Nyingi hutumia majedwali ya zamani ya herufi, na € hutoka kama ? au herufi ngeni hata kama skrini inaionyesha vizuri. Kwenye mipangilio ya printa au programu ya mauzo tafuta jedwali la PC858, lenye yuro ndani yake. Kwa ₦ na ₹ usihangaike. Andika NGN na INR.

Jamaa walioko Ghuba wameanza kukutana na jambo jipya. Saudi Arabia ilitangaza alama mpya ya riali Februari 2025, na Falme za Kiarabu zikatangaza ya dirhamu Machi mwaka huo huo. Ya Saudia iliingia Unicode 17.0 Septemba 2025 kwa namba 20C1, lakini simu na kompyuta ambazo hazijapata fonti mpya zitaionyesha kama kisanduku. Kuna fonti zinazosambazwa mtandaoni zenye alama hizi zilizowekwa mahali pasipo rasmi. Zitaonekana kwako tu, na kwa unayemtumia hakuna kitu. Wala usitumie ﷼ kwa ajili ya kuokoa nafasi: ni neno "riali" la maandishi ya Kiarabu lililobanwa kuwa herufi moja, halitaji ni la nchi gani, na huweza kuvuruga mpangilio wa mstari wenye namba kwa sababu linasomwa kutoka kulia. Kwa ankara na risiti za fedha zinazotumwa nyumbani andika SAR, AED na OMR kabla ya kiasi, na kama unataka alama mpya kwenye nembo au bango la duka, iweke kama picha.